Filamu inayomcheka aliyetimiza ahadi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu filamu ya mapenzi ya kuchekesha ambayo ukurasa wako wa burudani uliisifu kuwa inafaa kutazamwa na familia nzima. Niliitazama pamoja na binti yangu wa miaka 16, na kwa kuwa haina picha za utupu wala matusi mengi, ilinichukua siku kadhaa kutambua ni nini hasa kilichonichoma moyo.

Ni tukio moja. Mke amekipasha chakula moto kwa mara ya tatu, amekifunika kwa sahani nyingine, naye ameketi akimsubiri mume ambaye sisi watazamaji tunajua yuko kwa mwanamke mwingine. Mume anapiga simu kudanganya kwamba kazi zimemzidi, na mke anamwombea Mungu ampe nguvu. Hapo ndipo muziki wa vichekesho unapoingia. Nilicheka, na binti yangu akacheka. Tulimcheka mtu kwa kosa la kuliamini neno la mumewe.

Wapo watakaosema kwamba sanaa huonyesha maisha yalivyo, na katika hilo sibishani nao, kwa maana hata maandiko hayaufichi uzinzi. Kurani inasimulia jinsi mke wa Al-Aziz, mkubwa wa Misri, alivyomtaka Yusuf, na Biblia inaeleza waziwazi jinsi Mfalme Daudi alivyomchukua Bathsheba, mke wa Uria. Lakini tazama Nabii Nathani alivyomkabili mfalme huyo katika 2 Samweli 12. Hakuanza kwa kumsomea amri, bali alimsimulia habari za tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja tu, ambaye alikuwa akila tonge lake na kulala kifuani pake. Daudi aliwaka hasira kwa ajili ya maskini yule kabla hajajua kwamba anayesemwa ni yeye mwenyewe. Hadithi ya Nathani ilimpeleka msikilizaji upande wa aliyedhulumiwa. Filamu hii inatuketisha mezani kwa tajiri.

Hollywood yenyewe iliwahi kulijua jambo hili. Kanuni zake za mwaka 1930, ambazo zilianza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 na kuachwa mwaka 1968, ziliagiza kwamba huruma ya mtazamaji isielekezwe upande wa uovu. Siombi kanuni zile zirudi, kwa sababu zilikataza hata mapenzi baina ya weusi na weupe, nayo ilikuwa dhuluma. Hata hivyo, madaraja ya umri yaliyochukua nafasi yake hutazama utupu, damu na matusi, wala hayana kipimo cha dharau.

Katika Kurani, Sura ya Ar-Rum, aya ya 21, inataja mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa miongoni mwa ishara za Mungu. Binti yangu, filamu ilipokwisha, aliniuliza kwa nini yule mke alikuwa mjinga kiasi kile. Sikuwa na jibu la haraka.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba wachambuzi wako wanapotuandikia kuwa filamu inachekesha, watuambie pia ni nani anayechekwa.

Mzazi na msomaji wako