Bunduki inakupiga bega? Kabla ya kuiuza, ilete tuipime

Papa mmoja aliingia karakanani kwetu Kamalondo, hapa Lubumbashi, tunapotengeneza bunduki, Jumatatu asubuhi, bunduki kaizungushia blanketi, mkono wa kuume hauinuki. Jana yake alikuwa amealikwa kupiga sahani za baltrapu, zile zinazorushwa hewani zipigwe risasi, shambani, upande wa barabara ya Kasenga. "Fundi," akasema, "hii si bunduki, ni punda. Nitafutie wa kuinunua." Nikamwomba kwanza avue shati.

Alama haikuwa begani. Ilikuwa juu ya mkono, pale msuli unapoanzia, nyeusi kama zambarau, na ncha ya chini ya kitako imejichora pale kama kwa kalamu. Tukaifungua bunduki, yeye akachungulia mitutu, mimi nikachungulia, ni tupu. Nikamwambia avae tena shati, aipandishe kama alivyofanya jana. Kitako kikanasa kwenye shati karibu na kwapa, akakisukuma nje kidogo kipite, kikatua mkononi. Kilikuwa kirefu mno kwake. Na mwenye kukirefusha ni yeye: alikuwa amekivalisha soksi ya mpira, nene karibu sentimita mbili na nusu, aliyoinunua ili bunduki isimuumize.

Watu wengi hufanya hivyo. Mpira ni mzuri, sisi wenyewe tunaufunga kila wiki, lakini ukiongeza mpira lazima ukate mbao kwa kipimo kile kile. Vinginevyo umenunua dawa inayoleta ugonjwa. (Wale wanaobandika soli ya sapatu kwa gundi, tunawaomba waache. Inalala bapa baada ya risasi kumi na unabaki na gundi tu.)

Mwindaji wa porini hayajui haya sana. Anapiga risasi mbili tatu kwa siku, na mnyama akiwa mbele hakuna anayekumbuka bega. Sahani ni kazi nyingine. Duru moja ni sahani 25, na mahali panaporuhusiwa risasi ya pili, ukikosa ya kwanza unaongeza. Duru tatu kabla ya chakula cha mchana, bega limepokea mateke 75 au zaidi. Hapo kosa dogo la kitako linakuwa kidonda.

Kuhusu kartushi, yaani risasi iliyojaa marisau, zile punje ndogo zinazotawanyika, tuseme wazi. Sahani ni kitu cha chokaa na lami, upana wa sentimita 11, uzito wa gramu 105 hivi. Haina ngozi wala mfupa. Kuipiga kwa kartushi yenye gramu 36 za marisau iliyobaki kwenye msimu wa kuwinda ni kujitesa bure. Kwenye Olimpiki wenyewe wanapiga gramu 24. Tukichukua bunduki ya kalibri 12 yenye uzito wa kilo 3.2, marisau yakitoka kwa mwendo ule ule, nguvu ya teke la gramu 36 ni zaidi ya mara moja na nusu ya lile la gramu 28, na ukishuka hadi gramu 24 unapunguza tena zaidi ya moja ya tano. Uzito wa bunduki nao unasaidia: kuongeza gramu 300 za madini ya risasi yaliyoyeyushwa ndani ya kitako kunapunguza kama asilimia 9. Bei yake si kubwa, ila mkono wa kushoto utalalamika ifikapo duru ya tatu.

Urefu wa kitako, tafadhali usiupime kwa kukiweka kwenye kiwiko na kunyoosha kidole. Kila mtu anatufanyia onyesho hilo mlangoni. Sisi tunaangalia pua. Ukiwa umeegemeza shavu, kati ya pua na kidole gumba kilichoshika kitako pabaki vidole viwili, vitatu. Zamani, nikiwa bado najifunza, nilimkatia mteja sentimita mbili kwa mkupuo mmoja, sikupima mara ya pili. Risasi ya kwanza gumba lake likampiga puani, damu kwenye kola. Kitako nilimrudishia kwa kipande cha mninga, huu tunaouita mulombwa, na sikumtoza kitu. Siku hizi tunakata milimita tano, tunajaribu, tunakata tena.

Ukiumia shavu badala ya bega, shida ni mgongo wa kitako: uko chini, unauinua uso kutafuta shabaha, mbao inakufuata. Tunaupandisha.

Ziko bunduki ambazo mbao yake haina kosa. Browning Auto-5, zile za Herstal kule Ubelgiji ambazo watu wameachiwa na baba zao, mtutu wake wenyewe unarudi nyuma kila risasi, na kinachoushika breki ni pete ya chuma na kikuku cha shaba vilivyofichwa chini ya mbao ya mbele. Kwa kartushi nzito, pete inakaa kati ya springi na kile kikuku, upande wake wenye mwinamo ukikielekea. Kwa kartushi nyepesi, inawekwa nyuma ya springi, kwenye mwili wa bunduki. Ukiipiga kartushi nzito na pete ikiwa mahali pa nyepesi, inapiga kama nyundo, na mbao ya mbele inapasuka. Tumefungua moja iliyokuwa inaogelea kwenye mafuta ya injini. Breki gani itashika hapo? Tulipangusa, tukahamisha pete, tukamaliza kabla ya chai.

Bega likishapona, kinachobaki ni jicho. Mtu aliyeumizwa hufumba macho kabla ya kufyatua, na mwenyewe hajui. Mwombe rafiki akuwekee kartushi, mara ya kweli, mara ya mazoezi isiyo na baruti, usijue ipi ni ipi. Ile isiyo na baruti itakuonyesha mtutu ukiruka bila sababu. Na vaa kinga ya masikio. Nusu ya woga huo ni mlio.

Kwetu kupima ni bure. Leta bunduki ikiwa tupu, pamoja na kibali chake. Isiyo na karatasi hatuifungui hata blanketi, na za kijeshi msituletee kabisa. Njoo pia na nguo utakayovaa siku ya kupiga. Asubuhi za mwezi wa sita hapa Lubumbashi tunajifunika makoti, na koti zito linakula karibu sentimita nzima ya kitako. Mwezi wa kumi, kwa joto lile, unapiga na shati jepesi. Yule papa tulimtengenezea mipira miwili, mwembamba na mnene, anabadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Bunduki hajaiuza.