Kwenu wakongwe wa majukwaa mlionyamaza

Wadogo zangu, na wanangu mlioingia mtandaoni mkiwa bado shuleni na leo mna watoto wenu,

Marahaba. Najua mngeniamkia, ila siku hizi hata salamu mnaisoma tu mkapita.

Barua hii ni yenu ninyi mnaoingia kwenye majukwaa ya mijadala mtandaoni kila siku, mkausoma uzi (swali au mada na majibu yake) mpaka ukurasa wa mwisho, mkalijua jibu, kisha mkazima simu. Wageni siwaandikii. Hawana kosa.

Majukwaa yakipoa, kila mtu ana wa kumlaumu, na kila lawama ina chembe ya ukweli. Mwaka 2009 Facebook waliweka kitufe cha kupenda. Mtu aliyekuwa akiandika "nakubaliana nawe mkuu, ila pale uliposema..." akapata njia ya kubonyeza na kwenda zake, na lile "ila" ndilo lililokuwa likizaa kurasa tatu za mjadala. Yakaja makundi ya WhatsApp. Humo jibu zuri likiandikwa asubuhi, jioni limeshafukiwa na picha za salamu na sauti za dakika nne, na aliye nje ya kundi hatalipata hata akilitafuta mwaka mzima.

Lakini kusoma kimya si jambo la jana. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika juu ya kanuni ya 90-9-1: katika watu 100, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye hubeba sehemu kubwa ya maandishi. Ni makadirio, lakini aliyewahi kusimamia jukwaa atawaambia hayako mbali na anayoyaona. Basi pigeni hesabu. Jukwaa la watu 1,000 limebebwa na mabega ya watu 10. Wanne wakichoka, wawili wakifariki (naam, na sisi tunafariki), idadi ya wanachama pale juu itabaki ileile, ila kila ukifungua unakuta nyuzi za mwezi uliopita. Kitakachookoa ni wale wa mara mojamoja kuzoea kuandika, washike nafasi za waliotoka. Na hao ndio tuliowakatisha tamaa sisi wenyewe.

Nianze na langu. Miaka mingi iliyopita, kwenye jukwaa la mambo ya kompyuta, kijana alifungua uzi saa saba usiku. Kompyuta yake ilikuwa ikijizima kila baada ya dakika kumi. Kaandika kwa herufi kubwa tupu, hakuna nukta wala mkato, kichwa cha uzi "MSAADA TAFADHALI". Nikamjibu: "Tumia sehemu ya kutafuta. Hili limejibiwa mara mia." Wenzangu wakacheka, mmoja akanipongeza. Nikalala vizuri.

Jibu lenyewe lilikuwa la mistari miwili: fungua kasha, safisha vumbi kwenye feni, ikiendelea badilisha ile krimu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Juzijuzi nilirudi kwenye uzi ule, nikabonyeza jina lake. Machapisho: 1. Mara ya mwisho kuonekana: usiku uleule. Nikaona nitafute na hayo majibu mia niliyomwambia. Nilikuta nyuzi tatu. Katika mmoja, mleta mada karudi baada ya siku mbili na kuandika, "Nimeshapata ufumbuzi, asanteni wakuu," akaondoka nao!

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tukageuza: mgeni njoo, tukupime. Swali lake la kitoto ndilo lililokuwa likitufungua midomo, likatukumbusha tunayoyajua, likamvuta na yule bingwa aliyekuwa kajinyamazia. Sasa tuna jukwaa la mabingwa watupu, na bingwa hamuulizi bingwa mwenzake mbele za watu.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kijana wa saa saba usiku hana haja ya kuja kwetu. Anaiuliza programu, inamjibu bila kumfokea hata akirudia mara sita. Simlaumu. Stack Overflow, jukwaa la waandishi wa programu lililoanza 2008, limepoteza sehemu kubwa ya maswali mapya tangu hapo. Na itakumbukwa kwamba mwaka 2018, kabla ya hizo mashine, wenyewe walikiri hadharani kuwa hawawakaribishi wageni vizuri. Mashine imemkuta mgeni yuko mlangoni tayari, kashika viatu mkononi.

Ila mashine hizo zilijifunza kwa maandishi ya watu, ya majukwaani yakiwemo. Tatizo lililozaliwa wiki hii halina jibu popote mpaka aliyelipata aliandike mahali pa wazi. Na pa wazi pakikosa watu, mwenye mitambo hufunga. Yahoo Groups ilizimwa Desemba 2020, na kampuni ilisema matumizi yalikuwa yakishuka mwaka hadi mwaka.

Sasa ninyi mnaoandika "ngoja waje wajuzi" na "nafuatilia", wajuzi ni akina nani kama si ninyi? Tafuteni uzi usio na jibu hata moja, hasa wa mtu mwenye chapisho moja, mwandikieni chochote mnachokijua. Akikosea kuandika, mwambieni faraghani. Mkitatua shida yenu, rudini mseme mmeitatuaje. Na wasimamizi, hii pupa ya kufunga nyuzi za zamani sijawahi kuielewa.

Wiki iliyopita niliweka ile mistari miwili kwenye uzi wa yule kijana. Msimamizi kanionya kwa kufufua wafu, yaani kuandika kwenye uzi uliokwisha kulala, lakini hajaufunga. Jana akatokea mtu mwingine, akaunti mpya kabisa, herufi kubwa tupu: "NA YANGU INAZIMA HIVYOHIVYO VUMBI NASAFISHA NA NINI"

Nawapa mpaka kesho asubuhi. Mkikaa kimya namjibu mwenyewe.

Mzee wenu