Mdogo wangu, ule wimbo aliukuta kwetu

Mdogo wangu,

Nimesikia juzi ulishuka kwenye bajaji kabla hata hujafika Msamvu, dereva kaweka Mbaraka Mwinshehe, gitaa likaanza tu wewe ukamwambia nishushe hapa hapa, ukatembea na jua lote lile na mfuko wa dagaa mkononi. Imeniuma sana. Najua ni wimbo gani na najua mlikuwa mnausikiliza na nani.

Miaka 3 yule kijana anakupigia simu usiku na kabla hata ya salamu anakuwekea ule wimbo, sisi chumba cha pili tunausikia unapita ukutani. Halafu akaenda kuoa kwingine. Sasa gitaa likilia tu unamuona yeye na lile shati lake la drafti, unasikia kabisa anavyokuuliza "umekula?", na kifua kinabana. Mama mkubwa anasema umerogwa. Hujarogwa mdogo wangu. Kuna mtafiti Marekani anaitwa Petr Janata, mwaka 2009 alitoa utafiti wake, aliwawekea wanafunzi vipande vya nyimbo walizokua nazo huku mashine inapiga picha ubongo wao, na ikawa wimbo ukimrudisha mtu kwenye maisha yake basi sehemu moja hapa nyuma ya paji la uso inaamka. Na nyimbo za ujanani ndo zinashika kuliko zote, we ulikuwa na miaka 21, ungefanyaje?

Ila kuna kitu umesahau, na ndo maana naandika.

Ule wimbo yule kijana aliukuta kwetu. Ulikuwa kwenye kaseti ya baba, ile yenye karatasi imeandikwa kwa peni nyekundu. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, baba alikuwa bado kijana hapa hapa Morogoro, na anasema siku ile chakula hakikupita. Jioni akirudi kazini anaiweka, mama yupo uani anachambua mchele, na ungo wake unakwenda na ngoma bila yeye mwenyewe kujua. Halafu kuna siku redio ikala mkanda, wewe ulikuwa na miaka 6 hivi, ukakaa chini ukaurudisha na peni polepole ulimi nje, baba akakuachia tu. Tangu hapo ikifika pale gitaa linapopanda, sauti inavutika kidogo, inalegea, halafu inarudi. Mi mpaka leo nikiusikia kwenye simu, mzima kabisa, nasubiri ile sehemu na haiji.

Yeye hajawahi kuusikia hivyo. Aliujua kwa sababu wewe ulikuwa unauimba ukifua, akauliza huu wimbo gani, ukamwambia. Kachukua vingi, miaka yako kachukua, huo usimpe.

Najua umefuta kila kitu kwenye simu, sikulaumu. Kaseti ninayo mimi, niliitoa kwenye kabati la baba tulipokuwa tunahama Mji Mpya. Jumapili nakuja nayo na ile redio, we tafuta betri kubwa 4 tu na mchele wa kuchambua. Tukiiweka ukaona huwezi, niambie, nazima saa hiyo hiyo.

Kaka yako.