Nimemwambia mama kabla barua ya kuachishwa kazi haijafika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga, mhandisi wa mitambo, na huu ni mwaka wa nne nafanya kazi New Jersey, Marekani, katika kampuni inayotengeneza kalamu za sindano. Nasema kalamu kwa sababu wagonjwa wa kisukari huko nyumbani wanaijua ile ya insulini. Yetu inatofautiana nayo kidogo: mgonjwa anaikandamiza pajani, springi inafyatuka, sindano inaingia, dawa inasukumwa yote mara moja, kisha kalamu inatupwa. Dawa yenyewe sitaitaja, wala kampuni.

Wiki tatu zilizopita tuliitwa ukumbini tukaambiwa miradi yote inapitiwa upya. Hakuna aliyetajwa jina. Lakini safari za kwenda kwa watengeneza vipuri zimesimamishwa, vijana wawili wa mkataba waliokuwa wakikaa meza ya jirani hawaonekani tena, na kikao cha mradi wetu kilichokuwa kila Jumanne kimesogezwa hadi mwisho wa mwezi, mbele ya watu wa fedha. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumapili yake nilimpigia mama. Tukaamkiana, akaniuliza wajukuu, nikamwambia: "Mama, kazi yangu huenda ikaisha." Akanyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Umekosa nini, baba?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Mama hakuwa na nia mbaya. Kwetu mtu akitolewa kazini, jambo la kwanza linalowajia watu ni kwamba ameiba, amelewa au amegombana na mkubwa wake. Nilijaribu kumweleza, na ninaomba niwaeleze na wasomaji wako, maana najua si mama peke yake mwenye mtoto nje.

Mama anaijua dawa mseto ya malaria, ile ALu, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Nikamwambia wetu ni mseto wa aina nyingine, dawa na kifaa vikiwa kitu kimoja. Shida inaanzia hapo. Dawa ina watu wake, wakemia na wafamasia, wanaohesabu kwa miezi na miaka. Kifaa kina watu wake, sisi wa springi na plastiki, tuliozoea kubadili mchoro leo na kujaribu kesho. Kila upande unaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa, na vikikutanishwa kalamu ikakataa.

Nitoe mfano ninaoujua kwa mikono yangu. Ndani ya kalamu kuna bomba la kioo lenye dawa, na nyuma ya dawa kuna kizibo cha mpira. Ili kizibo kiteleze, kuta za kioo hupakwa mafuta ya silikoni, kiasi kidogo sana. Kalamu hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na sisi tunazitoa kwa vipindi kuzipima: mwezi wa 3, wa 6, wa 9, wa 12, wa 18, wa 24. Hadi mwezi wa 12 zetu zilikwenda vizuri. Mwezi wa 18, kalamu tatu zilisita katikati. Dawa ilitoka yote, ila kwa kuchelewa, na mgonjwa asingesubiri. Angeiinua, na dawa iliyobaki ingemwagikia kwenye ngozi.

Sasa utafanya nini? Ukiweka springi yenye nguvu zaidi, kioo kinaweza kupasuka. Ukiongeza mafuta, vitone vyake vinaingia ndani ya dawa, na dawa za protini kama yetu zinaweza kugandamana kwa sababu yake. Ukibadili bomba, unaanza upya kuzihesabu siku za kwenye friji, na miaka miwili ya kusubiri haiharakishwi kwa pesa wala kwa kukesha. Nimekaa usiku mwingi na wenzangu juu ya kalamu hizo tatu. Hatukuwa wavivu.

Ukimaliza hilo kuna mtumiaji. Lazima kalamu ijaribiwe na watu wa kawaida, na mamlaka ya chakula na dawa ya hapa, FDA, inapendekeza wasiopungua 15 katika kila kundi la watumiaji, wakiwa na maelekezo yale yale watakayoyapata nyumbani. Nimewatazama bibi wenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi wakihangaika na kifuniko tulichokisifia sana ofisini. Nimewaona wengine wakisikia mlio wa kwanza wa springi, wakadhani wamemaliza, wakaiinua. Hilo si kosa la mtumiaji. Ni kalamu inayopaswa kubadilika, na ikibadilika, makaratasi yote yanabadilika nayo.

Makaratasi nayapita haraka. FDA ina ofisi maalumu ya bidhaa mseto tangu 2002, na tangu 2013 kuna kanuni inayotaka mtengenezaji afuate masharti ya dawa na ya kifaa kwa pamoja. Ulaya nao, tangu Mei 2021, wanataka kifaa kilichounganishwa na dawa kikaguliwe na chombo huru kabla dawa haijapewa kibali. Sizipingi sheria hizi hata kidogo, kwa kuwa zinamlinda mtu asiyejua kilichomo ndani ya kalamu yake. Ila zinaongeza miaka, na katika miaka hiyo yote kampuni inatoa tu, haijaingiza hata senti.

Hata ukifika sokoni hujafika. Pfizer walipata kibali cha Exubera, insulini ya kuvuta kwa mdomo, Januari 2006. Kifaa kilikuwa kikubwa, wagonjwa na madaktari hawakukipokea, na Oktoba 2007 kampuni ikaachana nacho kwa hasara ya dola bilioni 2.8. Hapa New Jersey wazee wa kazi wanakumbuka zaidi Cypher ya Johnson & Johnson, ule wavu mwembamba wa chuma unaowekwa ndani ya mshipa wa moyo ukiwa umepakwa dawa ya sirolimus. Ulipoidhinishwa Aprili 2003 ulikuwa wa kwanza wa aina yake Marekani. Miaka minane baadaye, Juni 2011, kampuni ilitangaza kujitoa katika biashara hiyo, na nafasi za kazi kati ya 900 na 1,000 zikafutwa, zikiwemo za viwanda vya Puerto Rico na Ireland. Watu wale walikuwa wametengeneza kitu kilichofungua mishipa ya moyo ya wagonjwa wengi. Nani kati yao alikuwa amekosa?

Nina rafiki, mtu wa Mombasa, aliyepunguzwa mwaka juzi katika kampuni nyingine. Hakumwambia mtu nyumbani. Kila mwisho wa mwezi alituma kiasi kile kile, karo ya wadogo zake na dawa za baba yake, akikopa kwa kadi ya benki yenye riba kubwa. Alipopata kazi nyingine, kwa mshahara mdogo zaidi, deni lilikuwa limeshamzidi kimo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Wangeniuliza nimefanya nini, na sikuwa na jibu."

Basi mimi na mke wangu tulikaa mezani usiku, watoto wamelala, tukaandika kila kinachotoka: kodi ya nyumba, gari, chakula, kikoba chetu cha Watanzania, na nyumba tunayojenga Muheza. Akiba ingetufikisha miezi mitatu na nusu. Tukikata tunavyoweza kukata, mitano. Mke wangu haruhusiwi kufanya kazi kwa kibali chake, ambacho kimefungwa kwenye changu. Na changu ni H-1B, kibali cha mgeni mwenye taaluma kilichofungwa kwa mwajiri aliyemwombea: siku ya mwisho ya kazi ikipita, nina siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine atakayewasilisha maombi, kuomba hadhi nyingine, au kufunga mizigo.

Kwa hiyo tarehe ni mali. Sheria ya New Jersey, tangu Aprili 2023, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi, akipunguza watu 50 au zaidi kwa mkupuo, atoe taarifa siku 90 kabla, na alipe mshahara wa wiki moja kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Sheria ya nchi nzima inataka siku 60 za taarifa tu. Wakipunguzwa wachache, kinga hiyo haipo. Mwajiri anayekatisha kibali changu kabla ya muda wake anapaswa pia kunilipia nauli ya kurudi kwetu, mimi, si familia. Bima ya afya naweza kuiendeleza kwa miezi 18, lakini kwa kulipa ada yote mwenyewe, hadi asilimia 102, ile 2 ya juu ikiwa gharama za uendeshaji. Tumewapeleka watoto kwa daktari wa meno wiki hii, na mimi nimepima macho. Hati zangu za uhamiaji na za mshahara ninazo nyumbani. Michoro ya kampuni sijagusa hata mmoja, na ninamsihi kila kijana aliye katika hali yangu asiiguse. Na ukipewa karatasi ya kusaini siku ya kuagwa, iombee muda. Usiisaini ukiwa unatetemeka.

Wasomaji wenye ndugu huku, ninawaomba jambo moja kwa moyo wote. Mtoto wenu akipiga simu na habari kama yangu, mwulizeni anahitaji nini, au ana siku ngapi. Mkimwuliza amekosa nini, simu ya pili hatapiga, atatuma pesa asizokuwa nazo.

Mama alinipigia mwenyewe Alhamisi, jambo asilolifanya kwa kuogopa vocha. Amemwambia fundi nyumba iishie usawa wa linta. Mifuko ya saruji iliyobaki ameuza kwa jirani kabla haijashika unyevu, na pesa yake ameiweka, hajaila. Akaniuliza: "Zile kalamu tatu, mmejua zilikuwa na nini?"

Nikamwambia bado, mama. Kikao cha watu wa fedha ni siku ya mwisho ya mwezi. Asubuhi ya siku hiyo hiyo kalamu za mwezi wa 24 zinatolewa kwenye friji, na zamu ya kuzipima ni yangu.

Mwana wa Muheza,
New Jersey, Marekani
(Jina limehifadhiwa)