Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kusoma uzamili wa Asia ya Kusini-Mashariki

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kukaa kuujibu. Umeniuliza ni chuo kipi kinachofaa zaidi kwa shahada ya uzamili katika taaluma za Asia ya Kusini-Mashariki, na umeniorodheshea vyuo saba ili nikuchagulie kimoja. Ninakujibu hadharani, bila kutaja jina lako, kwa sababu wapo wengine walioniuliza jambo hilo hilo, na kwa sababu mimi mwenyewe nilianzia pale pale unapoanzia wewe, nikapoteza mwaka mzima. Kwa maoni yangu, chuo ni swali la tatu. La kwanza ni jambo gani hasa unataka kulijua kuhusu sehemu hiyo ya dunia, na la pili ni lugha gani utaitumia kulijua.

Maombi yangu ya awali yalikataliwa na vyuo vyote vitatu nilivyoviandikia. Andiko langu la dhamira lilikuwa na kurasa mbili zilizojaa mapenzi ya kweli: mahekalu ya Angkor, muziki wa gamelan, bandari za kale za Melaka, na shauku yangu ya kuielewa Asia ya Kusini-Mashariki. Hapakuwa na uongo ndani yake, lakini hapakuwa na swali pia. Mhadhiri mmoja, ambaye hakuwa na wajibu wowote wa kunijibu, aliniandikia mistari miwili akiniuliza nilikusudia kusoma nyaraka gani, zimeandikwa kwa lugha gani, na zimehifadhiwa wapi. Sikuwa na jibu la hata moja kati ya hayo matatu. Ilinichukua miezi mingi kulipata, na lilipopatikana lilikuwa dogo sana: nilitaka kujua magazeti ya Kiindonesia yaliwaandikaje wajumbe wa Afrika waliohudhuria mkutano wa mataifa ya Asia na Afrika uliofanyika Bandung, Indonesia, Aprili 1955, ambako kati ya nchi 29 sita zilitoka Afrika, yaani Misri, Ethiopia, Liberia, Libya, Sudan na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Swali hilo lilikuwa na mahali, mwaka, lugha na rafu ya maktaba. Nilipoomba tena nalo, nilikubaliwa.

Nasisitiza udogo wa swali kwa sababu eneo lenyewe ni pana kuliko linavyoonekana kwenye ramani, na hata jina lake ni changa. Lilienea hasa baada ya mwaka 1943, Washirika wa Vita Kuu ya Pili walipounda kamandi ya kijeshi ya Asia ya Kusini-Mashariki chini ya Mountbatten, kamanda Mwingereza, ambaye baadaye aliweka makao yake Kandy, katika nchi inayoitwa leo Sri Lanka, mahali ambapo sisi hatupahesabu kuwa ndani ya eneo hilo hata kidogo. Vyuo vilifuata baadaye. Programu ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, mojawapo ya zile zilizoijenga taaluma hii, ilianzishwa mwaka 1950. Wenyeji nao walijikusanya kisiasa mwaka 1967 huko Bangkok, nchi tano zilipoasisi ASEAN, jumuiya ya nchi za eneo hili, na jumuiya hiyo imefikisha wanachama 11 mwezi Oktoba 2025 tu, Timor ya Mashariki ilipopokelewa. Katika semina yako ya kwanza utaulizwa kama kitu kiitwacho Asia ya Kusini-Mashariki kipo kweli au ni mstari uliochorwa na majenerali na maprofesa. Usilidharau swali hilo ukidhani ni mchezo wa maneno. Ndani ya mstari huo kuna watu zaidi ya milioni 650, Waislamu wa Java, Wabudha wa Mandalay, Wakatoliki wa Luzon na Wahindu wa Bali, na Indonesia peke yake ina visiwa zaidi ya 17,000 na lugha zaidi ya 700. Mtu anayedai kuwa anataka kulielewa eneo zima huwa anawaambia wasomaji wa maombi yake kwamba bado hajaanza.

Ukoloni nao haukuliacha eneo hilo na kumbukumbu mahali pamoja. Waholanzi walitawala Indonesia, Waingereza Burma (leo Myanmar) na Malaya, Wafaransa Vietnam, Laos na Kambodia, Wahispania na kisha Wamarekani Ufilipino, Wareno Timor ya Mashariki, na Thailand haikutawaliwa na yeyote kati yao. Matokeo yake ni kwamba anayechunguza Java ya karne ya 19 atazifuata nyaraka za watawala hadi The Hague na Leiden, Uholanzi, akisoma Kiholanzi, anayechunguza Hanoi ya wakati huo atajikuta Aix-en-Provence kusini mwa Ufaransa, na wa Rangoon, Burma, atakwenda London. Kwa hiyo unapochagua nchi huwa unachagua pia lugha ya pili ya nyaraka, na ni vyema ulijue hilo kabla hujajaza fomu. Mimi niliuchagua mwaka 1955 kwa sababu moja ya wazi: taifa lilikuwa limekwisha kuwa huru na magazeti niliyoyataka yalikuwa katika lugha yake lenyewe.

Sasa nikae kidogo kwenye lugha, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Benedict Anderson, mmoja wa wasomi wakubwa wa eneo hili, alipigwa marufuku kuingia Indonesia mwaka 1972 na serikali ya Rais Suharto, na marufuku hiyo ilidumu hadi utawala huo ulipoanguka mwaka 1998. Akiwa tayari ni mtaalamu wa Java, alianza upya kujifunza Kithai, na baadaye Kitagalog cha Ufilipino, ili aendelee na kazi yake katika nchi nyingine. Ninamkumbuka kila ninaposikia mwanafunzi akisema kwamba vitabu vya Kiingereza vinatosha. Vinatosha kwa kazi za semina. Kwa tasnifu havitoshi, kwa sababu utakuwa unarudia waliyoyaona wengine kwa macho yao.

Wewe una faida ambayo huenda hujaitambua. Kiindonesia na Kimalei vilipokea maneno mengi ya Kiarabu kama Kiswahili kilivyoyapokea, na siku ya kwanza darasani utakutana na jamaa zako wa zamani: dunia ni dunia, kamus ni kamusi, waktu ni wakati, kertas ni karatasi, akal ni akili, na salamu yao ya kuulizia hali, apa kabar, ina habari yetu ndani yake. Herufi ni za Kilatini na vitenzi havibadiliki kwa nyakati. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani imeviweka Kiindonesia, Kimalei na Kiswahili katika kundi moja la ugumu kwa mzungumzaji wa Kiingereza, kundi la wiki 36 hivi, ilhali Kithai, Kivietinamu, Kiburma, Kikhmer na Kilao vimewekewa wiki 44. Kithai kina toni tano na Kivietinamu cha kaskazini kina sita, na Kiburma, Kikhmer, Kilao na Kithai kila kimoja kina mwandiko wake. Sikuambii hayo ili kukuelekeza Indonesia kama nilivyokwenda mimi. Ikiwa swali lako liko Kambodia, nenda Kambodia, ila uhesabu muda wa kujifunza kusoma kama sehemu ya masomo yenyewe.

Wala usidhani wepesi wa mwanzo hudumu. Viambishi vya Kiindonesia vilinisumbua kwa miezi, na ilinibidi nizoee kuwa na maneno mawili kwa sisi yetu moja: kita ikiwa anayeambiwa yumo, kami ikiwa hayumo. Tofauti hiyo iliniokoa katika tasnifu, kwa maana tahariri ya gazeti inaposema kita bangsa-bangsa Asia-Afrika, sisi mataifa ya Asia na Afrika, mwandishi anamkaribisha msomaji ndani, na tafsiri ya Kiingereza inaufuta ukaribisho huo wote. Kisha kuna tahajia. Kiindonesia kilibadilisha maandishi yake mwaka 1947 na tena mwaka 1972, hivyo nilipofungua mikrofilamu, yaani picha ndogo za kurasa za magazeti, ya mwaka 1955 nilikuta Djakarta, tjerita na jang badala ya Jakarta, cerita na yang nilizofundishwa. Wiki mbili za mwanzo nilisoma kwa kunong'ona, nikiyasikiliza maneno masikioni ili niyatambue.

Ukishakuwa na swali na lugha, chuo kitajitokeza chenyewe. Tazama kwanza kama wanafundisha lugha yako kwa ngazi unayoihitaji, pili kama yupo mhadhiri mwenye kazi zilizochapishwa karibu na swali lako, tatu kama maktaba ina vitabu vyake. Cornell ina mkusanyiko wa Echols, maktaba ya vitabu vya eneo hili, na Leiden ina hazina iliyokuwa ya KITLV, taasisi ya utafiti ya Kiholanzi iliyoanzishwa mwaka 1851. Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, Marekani, hutoa uzamili wa taaluma hii wa miaka miwili, na huwa mwenyeji wa SEASSI, masomo ya kiangazi ya wiki nane ambamo lugha hufundishwa kwa kasi kubwa. SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika cha London, imekuwa ikipokea wanafunzi tangu mwaka 1917. Na usiviache vyuo vya eneo lenyewe: Chulalongkorn mjini Bangkok, Chuo Kikuu cha Malaya mjini Kuala Lumpur, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapuri, ambako uzamili ni wa utafiti zaidi kuliko wa madarasa. Naona ajabu kwamba katika orodha yako ya saba hapakuwa na hata kimoja cha huko unakotaka kukujua.

Kuhusu muda, ninao msimamo. Shahada ya mwaka mmoja, kama zilivyo nyingi za Uingereza na Uholanzi, inamfaa aliyekwisha kuijua lugha. Kwa anayeanza lugha siku ya kwanza ya masomo, mwaka mmoja utakwisha akiwa anaweza kuagiza chakula na kusoma vichwa vya habari, huku tasnifu ikimdai mengi zaidi.

Fedha ndizo huamua kwa wengi wetu, kwa hiyo uzipange mapema. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, lakini hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ahadi ya kurudi kwenu kwa miaka miwili baada ya masomo. Ufadhili wa FLAS wa kusomea lugha, utakaouona ukitajwa sana kwenye kurasa za vyuo vya Marekani, ni wa raia na wakazi wa kudumu wa huko, basi usiuhesabu. Serikali ya Indonesia imekuwa na ufadhili wa uzamili kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, uliojulikana kwa miaka mingi kama KNB, pamoja na Darmasiswa, iliyoanza mwaka 1974, ambayo haitoi shahada ila inafundisha lugha na sanaa. Kama una mwaka wa kungoja, Darmasiswa ni njia nzuri kuliko kukaa ukituma maombi yale yale.

Andiko la dhamira lianze na swali lako katika aya ya kwanza. Wape wanaokuandikia barua za mapendekezo nakala ya andiko hilo, ili barua zao zizungumzie kazi ile ile unayoizungumzia wewe, na uwape muda wa kutosha. Mwandikie mhadhiri unayemtaka kabla ya kuomba, kwa ufupi na kwa adabu, ukimwonyesha kwamba umesoma angalau makala yake moja.

Masomo yenyewe ni kusoma kwingi, kitabu kizima kwa wiki katika kila semina, na watu wa fani mbalimbali mezani. Mwanahistoria atakudai nyaraka, mwanaanthropolojia atakuuliza uliishi na nani. Utajifunza kwamba falme za kale za huko zilielezwa na wasomi kama duara za nguvu zinazofifia kadiri unavyouacha mji wa mfalme, bila mpaka wa mstari, na ukishalielewa hilo hutaitazama tena ramani ya shule kwa macho ya zamani.

Utafiti wa uwandani uufikirie kwa uzito. Indonesia humtaka mtafiti wa kigeni awe na kibali, ambacho siku hizi hupitia BRIN, wakala wa taifa wa utafiti, na awe na mshirika katika taasisi ya humo. Kibali hicho hakipatikani kwa wiki moja. Thailand ina kifungu cha 112 cha sheria ya jinai, chenye kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa la kumtukana mfalme, na anayehojiwa nawe anaweza kudhurika kwa maneno aliyokuambia kwa nia njema. Myanmar, tangu mapinduzi ya Februari 2021, wanafunzi wengi wamelazimika kuchunguza wakiwa nje ya mipaka yake. Majina ya waliokuamini yafiche tangu kwenye daftari lako la kwanza, usingoje hadi kwenye tasnifu. Wewe utaondoka na shahada, wao watabaki pale.

Ajira baada ya hapo haina mlango mmoja. Niliosoma nao wako kwenye tafsiri, uandishi wa habari, makumbusho na ubalozi, na wachache wameendelea na uzamivu. Mtu mwenye lugha hakosi pa kuanzia. Mwenye cheti bila lugha nimemwona akihangaika.

Kwa hiyo sitakuchagulia chuo katika vile saba. Niandikie sentensi moja yenye nchi, wakati, watu na lugha, hata ikiwa na mapengo, na nitakuuliza yale maswali matatu niliyoulizwa mimi. Tukiyamaliza hayo tutaitazama orodha yako pamoja.

Ndugu yako akupendaye.