Kinywe maji kwanza: barua kwa mwanangu

Assalaam alaykum, mwanangu.

Anayeandika ni dadako, mimi babako nasema tu, kwa kuwa daktari wa macho hajaniruhusu. Simu ilikatika kabla sijamaliza. Umesema jahazi litashushwa bamvua la mwezi mpevu, maji yakijaa sana, na siku ya pili wageni wapande mwende Kilwa. Siku ya pili! Chombo kimekaa juu hapo Matondoni, Lamu, tangu masika, mbao zimepigwa jua na upepo miezi yote hii. Kinywe maji kwanza, mwanangu, mbao ziloe zivimbe. Upepo wa kaskazi upo mpaka Machi, haukukimbii.

Fundi uliyempata mkono wake ni mzuri, ila ana haraka ya kulipwa. Simama naye. Pamba ya zamani katikati ya mbao itolewe yote, isifunikwe kwa mpya. Na akipiga kalafati, akizibia hiyo pamba mpya, asishindilie kupita kiasi. Mbao kavu ikipata maji huvimba. Ikikuta pamba imejaa ngumu haina pa kwenda, basi itaisukuma mwenzake mpaka misumari ilegee kwenye mataruma, mbavu za chombo. Nyufa za ubavuni zinazopitisha mwanga zisikutishe sana, nyingi zitajifunga. Ziogope zilizo karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo, na pale mbao zinapokutana na fashini, nguzo za mbele na nyuma. Hapo choma kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama, mbao hiyo haitiwi pamba, hubadilishwa. Baada ya hapo chini kuchomwe kwa makuti makavu, kupakwe deheni ya mafuta na chokaa, na juu kupakwe sifa, mafuta ya samaki.

Lakini kinachoninyima usingizi ni mbao za juu. Chombo kitupu huelea juu juu. Za chini zitavimba, utachungulia ngama, chini kabisa ndani ya chombo, uone pakavu, ufurahi. Kisha utapakia watu, mizigo na mapipa ya maji, nacho kitashuka, na mbao ambazo hazijagusa bahari tangu masika ziwe ndani ya bahari. Upepo ukikilaza, upande wa demani, ule unaolala, wote utakuwa unaingiza maji, na ufukweni ni mbali. Ndiyo maana nasema siku ya pili haiwezekani.

Mbao hizo anza kuzimwagia maji leo, asubuhi na jioni, kingali pwani. Maji ya chumvi, si ya kisima. Ya kisima huozesha. Kikishashuka, kitie nanga mbele ya mji, ukiongeze farumi, uzito wa mchanga, kidogo kidogo mpaka kifikie uzito wa safari. Ulale ndani. Ukifua maji ya ngama hesabu ndoo. Zikipungua kila maji yakijaa na kupwa, kinajifunga. Zisipopungua, kirudishe juu, hata wageni wakasirike na wadai pesa zao. Wiki moja, mwanangu, isipungue.

Kule nje unakujua. Maji yakiwa yanatoka, mawimbi ya mlango wa Shela husimama, na ukishapita hapo Ghuba ya Ungwana iko wazi mpaka Malindi. Si mahali pa kugundua ufa. Na usikubali kuongezewa watu njiani. MV Spice Islander ilikuwa meli ya chuma, ikazidishiwa, na Septemba 2011 ikazama kati ya Unguja na Pemba, karibu na njia utakayopita. Maboya ya kuvaa yawe ya kila mtu, na ya watoto kama wamo.

Tanga likunjuliwe lote ufukweni, mtazame dasi, kamba ya kingoni. Panya hupenda kona za chini. Foromali, boriti ya tanga, kaza kamba zake upya. Henza ya zamani, kamba ya kulipandishia tanga, itupe.

Barazani hapa kwa dadako wote wameshasikia kwamba mwanangu ni nahodha na wageni wanamwamini. Kama kalafati huijui vizuri, ulikuwa darasani, na nilitaka uwe darasani. Ila niliomba chombo kiezekwe, hakikuezekwa, ndiyo sababu mbao za juu ziko hivyo. Makuti yalikwenda kwenye paa la jiko. Najua, jiko nililisema mimi.

Hilo paa bado linavuja upande wa birika, mamako amesema. Lishughulikie kabla hujaondoka, na umwachie pesa za dawa ya presha za miezi yote utakayokuwa nje, si za mwezi mmoja kama safari iliyopita. Mbuzi yule mweusi asiuzwe, ana mimba.

Ukifika Mombasa teremka Bandari ya Kale, ulale kwetu. Dadako anaomba maembe ngowe. Yaweke tezi, nyuma ya chombo, kwenye kivuli. Karatasi za jahazi zimo katika sanduku la mamako chini ya mikeka. Zitoe mapema, leseni nadhani inaelekea kuisha, na mkaguzi wa vyombo hatakuruhusu uondoke bila hiyo. Nenda kwake katika wiki hiyo hiyo ambayo chombo kinakunywa maji.

Babako