Barua kwa Mwanaidi, kabla hamjagawana wiki za muhula

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi. Umeuliza kozi yenu ya Asia Mashariki, yenye wahadhiri wa historia, sheria, dini, sanaa na fasihi, ianzie wapi. Nadharia ziacheni kwanza. Anzeni na majina na tarehe, maana kozi za namna hii hupasukia hapo: kila mhadhiri huja na tahajia ya vitabu alivyosomea, na mwanafunzi akadhani anasoma habari za watu watatu kumbe ni mmoja.

Wekeni tukio moja katikati, kila fani ilizunguke. Mimi ningechagua Harbin, mji wa kaskazini-mashariki mwa China, 26 Oktoba 1909, pale Mkorea An Jung-geun alipompiga risasi Itō Hirobumi kwenye stesheni ya reli. Itō ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani, na hadi miezi michache kabla ya hapo ndiye aliyeisimamia Korea kwa niaba ya Japani. Katalogi nyingi za maktaba humwandika muuaji An Chunggŭn, kwa utaratibu wa McCune-Reischauer wa 1939 wa kuandika Kikorea kwa herufi za Kilatini; tahajia ya An Jung-geun inafuata utaratibu wa serikali ya Korea Kusini wa 2000. Wachina humsoma An Zhonggen, Wajapani An Jūkon. Herufi za Kichina zinazoliandika jina ni zilezile: 安重根.

Basi choreni jedwali moja la kozi nzima. Safu ya kwanza iwe herufi zenyewe, kisha matamshi kwa herufi za Kilatini: Kichina kwa utaratibu wa pinyin, Kijapani kwa ule wa Hepburn, Kikorea kwa tahajia zote mbili, na mwisho jina mtakalolitumia darasani. Jina la ukoo litangulie daima. Herufi nazo hazilingani kila mara: Korea ni 韓國 katika maandishi ya zamani na Taiwan, 韩国 China bara, 韓国 Japani. Ukitafuta kwa umbo moja tu, hifadhidata nyingine zitakujibu hakuna kitu, nawe utaamini.

Tarehe ndizo zenye mtego mbaya zaidi. Miaka ilihesabiwa kwa jina la enzi ya mtawala: hati ya Kijapani itaandika Meiji 42, ya Kikorea Yunghui 3, ya dola ya Qing, iliyotawala China, Xuantong 1. Hati ya Kirusi itasema 13 Oktoba, kwa kuwa Urusi ilikuwa bado na kalenda ya Julian, na reli ile ilikuwa mikononi mwa Warusi, kwa hiyo hati zao hamzikwepi. Japani ilianza kalenda hii yetu 1873 na Korea 1896, lakini Qing waliendelea kuhesabu kwa mwezi mwandamo. Mwezi wao wa 9 si Septemba. Na mwezi wa 12 wa Xuantong 1 unaangukia 1910, hivyo kugeuza mwaka peke yake hakutoshi; geuzeni mpaka siku.

Mkishamaliza hayo, fani zitajipanga zenyewe. Wa sheria atauliza kwa nini risasi iliyopigwa kwenye reli ya Warusi, ndani ya ardhi ya China, ilihukumiwa na mahakama ya Japani huko Lüshun, bandari ya China iliyokuwa mikononi mwa Wajapani. Wa dini ana An mwenyewe, Mkatoliki aliyebatizwa Thomas. Wa sanaa ana maandishi ya brashi aliyoyaandika gerezani, yaliyogongwa kiganja chake cha kushoto mahali pa muhuri, kidole cha pete kikiwa kimekatwa pingili. Wa fasihi ana insha yake kuhusu amani ya Mashariki, ambayo hakuimaliza kabla ya kunyongwa 26 Machi 1910. Hapo angalieni: imeandikwa kwa Kichina cha kale. Anayefundisha Kichina cha leo si lazima aweze kukisoma, kwa hiyo mtafuteni msomaji mapema.

Msimdai kila mhadhiri lugha zote tatu. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 2,200 za darasani kwa kila moja ya hizo, wakati Kiswahili chetu hupewa kama 900. Lugha moja barabara, pamoja na mwenzako wa kukuhakikia nyingine, yatosha.

Jedwali liwe na msimamizi mmoja, na tahajia zisibadilishwe katikati ya muhula. Nitumie rasimu, nitaanza kupekua safu ya Kikorea.

Wako,
Salma